Jinsi ya kutafuta pengo la utafiti: mwongozo wa mkutubi, kwa mfano wa funza

Kila mwaka msimu wa kuandika mapendekezo ya utafiti ukianza, wanafunzi hufika kwenye meza yangu maktabani na sentensi ileile: "Hakuna utafiti uliowahi kufanyika kuhusu jambo hili katika wilaya yetu." Msimamizi ameirudisha karatasi na alama ya kuuliza pembeni, nao wanataka mkutubi awasaidie kuthibitisha kwamba kweli hakuna. Nafanya kazi hii katika chuo cha afya, naipenda, na inaniuma kuona vijana wenye akili wakipoteza mwaka kwa sababu ya sentensi hiyo. Kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu namna ninavyowaelekeza wanaokubali kuketi.

Wilaya ambayo haijafanyiwa utafiti ni mahali tu. Pengo ni swali ambalo kuna mtu anahitaji jibu lake ili aamue la kufanya, na ukilifuatilia kwenye maandishi unafika pahali jibu linakatika. Ukihesabu wagonjwa kwenu kwa sababu mwenzako amehesabu wilaya ya jirani, umeongeza namba. Namba hiyo inaweza kuwa na kazi, tuseme mganga mkuu wa wilaya anaihitaji kuagizia dawa. Basi sema hivyo na umtaje. Kama hakuna anayeisubiri, tafuta swali lingine.

Nitashika mfano mmoja, funza, kwa sababu kila msomaji anamjua na ni wachache mno wanaomchukulia kama jambo la sayansi. Funza, Tunga penetrans kwa jina la kitaalamu, aliingia Afrika na meli iliyotoka Brazil kwenda Angola mwaka 1872, na kabla karne ile haijaisha alikuwa ameshavuka bara na kufika pwani yetu. Jike akishatoboa ngozi, mara nyingi kandokando ya kucha za miguu au kisiginoni, hatoki tena. Tumbo lake huvimba mpaka kufikia ukubwa wa njegere, na juu ya ngozi hubaki kitundu kidogo chenye doa jeusi. Kwa kitundu hichohicho anapumua, anatoa kinyesi na kudondosha mayai. Mayai huanguka sakafuni, mabuu huishi kwenye vumbi, hugeuka pupa, kisha wadudu wazima huruka kutafuta mguu mwingine. Mtoto anashindwa kuvaa viatu, anashindwa kutembea sawasawa, vidonda vinaingia vijidudu, na pini moja ya kutolea funza inazunguka nyumba nzima. Pamoja na hayo yote, ni mwaka 2017 tu ambapo Shirika la Afya Duniani liliingiza upele na magonjwa mengine ya wadudu wa ngozi, funza akiwamo, kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele.

Anza na mtu aliyekwama

Usianzie kwenye kompyuta. Nenda zahanati, kaa na muuguzi baada ya wagonjwa kupungua, umuulize hivi: "Ni kitu gani unakifanya kila wiki bila kuwa na uhakika kama kinasaidia?" Muulize hivyohivyo mhudumu wa afya ngazi ya jamii, maana yeye ndiye anayeingia vyumbani. Kisha mwombe akupeleke kwa familia moja au mbili. Usiingie na dodoso mkononi. Piga hodi, mwamkie bibi, kaa unapokaribishwa, zungumza habari za mashamba kwanza. Watu wenye funza wamechekwa sana, wameambiwa ni wachafu, na wale walioathirika zaidi, wazee wasio na wa kuwaangalia na watu wenye ulemavu, mara nyingi wako ndani hawaonekani. Ukikimbilia maswali utajibiwa kwa adabu na hutaambiwa lolote.

Andika maneno yao kama walivyoyasema. Kwa funza, majibu ya kawaida ni haya. Muuguzi: "Namtoa mtoto funza wote, mwezi ujao analetwa tena amejaa." Mama: "Nanyunyizia maji chini nikifagia, wengine wanasema weka majivu, sijui lipi la kweli." Mhudumu wa jamii: "Tuligawa viatu, watoto wakawa wanavaa kwenda shule tu." Yaunganishe na utapata swali moja: mtoto aliyetibiwa anaambukizwa tena wapi, na ni kipi ambacho familia isiyo na fedha ya saruji inaweza kuifanyia sakafu ya udongo ili asiambukizwe?

Hilo ni swali. "Funza katika wilaya yetu" ni mada. Kuna utaratibu wa namna hii Uingereza tangu 2004, unaitwa James Lind Alliance: wagonjwa, walezi na wahudumu huketi meza moja na kukubaliana maswali 10 ambayo sayansi haijawajibu. Wewe huna bajeti ya mkutano kama huo, lakini wazo lenyewe halihitaji bajeti.

Kisha tafuta, na uandike unavyotafuta

Chukua daftari. Kila utafutaji uandike: tarehe, hifadhidata, maneno uliyotumia, idadi ya matokeo yaliyokuja. Ninasisitiza daftari kuliko kitu kingine chochote katika mwongozo huu, kwa sababu neno "hakuna" halina uzito mpaka uonyeshe ulitafuta wapi na kwa maneno gani.

Ukipata sifuri, yashuku maneno yako kwanza. Funza ana majina mengi kwenye majarida. Madaktari huandika tungiasis, wataalamu wa wadudu huandika Tunga penetrans, wengine jigger au sand flea. Usichanganye na chigger, huyo ni utitiri, mdudu mwingine kabisa. Wabrazili, ambao wameandika mengi kuhusu funza hasa kutoka mji wa Fortaleza, humwita bicho-de-pé, na majirani zetu wanaoandika Kifaransa hutumia chique. Kwenye PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, unganisha majina hayo kwa OR (au) ndani ya mabano, kisha AND (na), halafu kundi la pili la maneno: soil OR floor OR larvae. Jina lenye maneno mawili liweke ndani ya alama za kunukuu. Ukishapata makala moja nzuri, peleka kichwa chake Google Scholar na ubonyeze sehemu inayoonyesha waliolinukuu. Hapo unasonga mbele kwa miaka badala ya kurudi nyuma kwenye marejeo peke yake.

PubMed haitoshi. Majarida mengi ya Kiafrika hayamo, kwa hiyo pita African Journals Online, ambayo wengi tunaiita AJOL. Hazina za kidijitali za MUHAS (chuo cha afya cha Muhimbili), SUA (chuo cha kilimo cha Sokoine), Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Nairobi zina tasnifu ambazo hazikuwahi kuwa makala, na humo nimeona kazi nzuri zimelala. Makala likiwa limefungwa kwa malipo usikate tamaa: mwulize mkutubi wako kama chuo kimesajiliwa Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani unaozipa taasisi za nchi kama zetu majarida bure au kwa bei ndogo. Wanafunzi wengi humaliza masomo bila kujua kwamba nywila iko maktabani kwao.

Jedwali, na safu iliyo tupu

Sehemu hii ndiyo yenye faida kubwa, nayo ndiyo inayorukwa. Chora jedwali kwenye karatasi kubwa. Kila mstari ni makala moja. Safu zinazoshuka ziwe: mahali, nani walihusishwa, umri, msimu wa mwaka, aina ya sakafu, wanyama waliopo nyumbani, kilichofanywa, kipimo cha mafanikio, na walifuatiliwa kwa muda gani. Kila unaposoma, jaza. Usisome muhtasari peke yake, kwa sababu safu nusu zinajazwa na sehemu ya mbinu.

Tujaze mistari michache. Gatundu, Kenya, jaribio lililochapishwa mwaka 2014: watoto wa shule, mguu mmoja ulipakwa mafuta ya dimethikoni, yale ya jamii ya silikoni yanayotumika pia kwa chawa, na mwingine ukaoshwa kwa pamanganeti ya potasiamu. Siku ya 7, asilimia 78 ya funza waliopakwa mafuta hawakuonyesha tena dalili ya uhai, dhidi ya asilimia 39 upande wa pili. Madagascar, 2013: walilinganisha viatu na dawa ya kupaka iliyotengenezwa kwa mimea, dawa ilikinga vizuri, viatu vilisaidia kidogo tu. Bugiri, Uganda: madaktari wa mifugo walimkuta funza kwenye nguruwe, mbwa na mbuzi. Kilifi, Kenya: nyumba zenye sakafu ya udongo zilihusishwa na ugonjwa.

Sasa soma kwa kushuka. Mwanafunzi kwa kawaida hutafuta mstari uliokosekana, anasema Kenya wapo, Uganda wapo, sisi hatupo, tayari pengo. Tazama safu badala yake. Safu ya muda wa ufuatiliaji kwa Gatundu inasema siku 7. Hawakukosea, walitaka kujua kama funza anakufa, na siku 7 zinatosha kulijua hilo. Lakini swali la muuguzi ni la mwezi wa pili. Safu ya kipimo cha mafanikio mara nyingi inamtazama funza aliye mguuni. Aliye vumbini, kama buu au pupa, anajitokeza kwenye makala chache sana. Na safu ya "kilichofanywa" ina mambo mengi ya miguu na machache ya sakafu. Safu mbili au tatu zenye nafasi tupu kwa pamoja, zikikutana na maneno ya mama aliyekuuliza kuhusu majivu, hapo una kitu.

Ukimaliza, ongeza safu moja ya mwisho: walioachwa nje. Kila makala ina aya inayosema nani hakuruhusiwa kushiriki, na aya hiyo huisomi kwa sababu inachosha. Isome. Chukua mfano wa malaria: Tanzania ilianza kutumia dawa mseto ya ALu kama dawa ya kwanza ya malaria mwishoni mwa 2006. Mjamzito wa miezi mitatu ya kwanza aliwekwa kando, akabaki na kwinini, dawa chungu inayovumisha masikio, kwa sababu majaribio yalikuwa hayamhusishi. Ushahidi ulikusanywa polepole, kwa sehemu kubwa kutoka kwa wanawake waliokuwa wamemeza dawa kabla hawajajua wana mimba, na Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ALu kwa kipindi hicho Novemba 2022. Muda wote huo pengo lilikuwa limeandikwa wazi, makala baada ya makala, kwenye ile aya ya walioachwa nje. Kwenye funza, uliza: watafiti wengi wanapima shuleni, je, mtoto ambaye funza wamemzuia kufika shule amepimwa na nani?

Yaliyolala kabatini

Mwaka 1979 mwanasaikolojia Robert Rosenthal aliandika kuhusu matokeo yanayobaki kwenye makabati kwa sababu hayakuonyesha tofauti yoyote. Kwetu tatizo hili lina sura mbili: matokeo yasiyopendeza, na ripoti za miradi iliyofungwa. Angalia sajili ya majaribio ya tiba ya Afrika, PACTR, iliyoko Afrika Kusini, na ClinicalTrials.gov, uone kama kuna jaribio lililoandikishwa halijachapishwa. Angalia PROSPERO, sajili ya mapitio ya tafiti, kama kuna mtu anaandaa mapitio ya mada yako sasa hivi. Nenda ofisi ya mganga mkuu wa wilaya uulize kama kuna shirika liliwahi kunyunyiza dawa sakafuni na likaacha ripoti. Mwandikie mwandishi wa makala barua pepe fupi, aya mbili, ueleze umesoma nini na unauliza nini. Wengi hujibu. Anayeandika kuhusu funza hapati barua nyingi.

Uliza kwa nini pako wazi

Usifurahi haraka. Nafasi tupu ina sababu zake, na sababu ndiyo inayoamua kama utaingia.

Wakati mwingine ni kwa sababu wanaoumia hawana sauti wala fedha. Tume ya kimataifa ya utafiti wa afya iliyotoa ripoti yake mwaka 1990 ilionyesha jinsi sehemu ndogo sana ya fedha za utafiti inavyokwenda kwenye maradhi ya watu walio wengi duniani, na kutokana na hoja hiyo baadaye ukazaliwa usemi wa pengo la 10 kwa 90, yaani asilimia 10 ya fedha kwa asilimia 90 ya maradhi. Funza yumo humo. Pengo la aina hii liingie kwa moyo wote.

Wakati mwingine ni kwa sababu ni vigumu kupima. Kumpata buu wa funza kwenye vumbi ni kazi ya darubini na subira. Hata mtafiti mzoefu anahitaji kumtofautisha na mabuu ya viroboto wengine. Jiulize kama chuo chako kina mtu wa wadudu atakayekushika mkono. Kama hayupo, mtafute SUA kabla hujaandika neno.

Wakati mwingine jibu lipo, ila kwenye taaluma ambayo hukuitazama. Wa afya ya binadamu hawasomi majarida ya mifugo. Ukitaka kujua kiroboto anaishi vipi kwenye sakafu, walioandika zaidi ni wanaoshughulika na viroboto vya paka na mbwa.

Na wakati mwingine jibu lilikuwapo likasahaulika. Mahenge, mkoani Morogoro, daktari Mnorwei Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaandika kuhusu watoto waliokuwa wakiangusha kichwa tena na tena, katika eneo lenye kifafa kingi kupita kawaida. Miongo ikapita. Ugonjwa wa namna hiyo ulipoonekana Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda na kuitwa mpya, ndipo watafiti walipoyarudia maandishi ya Mahenge, na leo uhusiano wa kifafa hicho na minyoo inayoenezwa na inzi wa usubi unachukuliwa kwa uzito mkubwa. Kwa hiyo usiweke kikomo cha miaka 10 unapotafuta, hata kama mwongozo wa chuo unataka marejeo ya karibuni. Marejeo ya karibuni yanafaa kwenye orodha yako. Utafutaji wenyewe uende hadi mwanzo.

Kata kipande kinachokutosha

Swali la sakafu ni kubwa. Wewe una miezi michache na nauli ya kuokoteza. Usijaribu kuzuia funza wilaya nzima. Chukua kipande: katika kaya za kijiji kimoja, familia zinafanya nini na sakafu zao, mara ngapi, kwa gharama gani, na mtoto aliyetibiwa anapata funza wapya baada ya wiki ngapi? Hilo linahitaji kalamu, taa nzuri, kuhesabu madoa meusi kwenye miguu ileile mara kwa mara, na msimu sahihi. Nenda kiangazi, funza hupungua mvua zikinyesha. Shahada ya kwanza inalimudu. Wa uzamili anaweza kuongeza vumbi na darubini.

Hapa nina msimamo na siutoi. Huwezi kumhesabu mtoto funza, ukaandika, ukaondoka. Matibabu yawe kwenye bajeti kabla ya nauli yako, yawafikie wote, pamoja na wale watakaokataa kushiriki. Kibali cha maadili ukiombe mapema: Tanzania Bara kazi za afya zinapitia kamati za vyuo na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba; Zanzibar wana ZAHRI, taasisi yao ya utafiti wa afya; Kenya utapitia kamati iliyoidhinishwa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Kamati itakuuliza kuhusu aibu ya familia, nani ataona picha za miguu ya watoto, na pini. Uwe na majibu. Picha nyingi za funza zinazozunguka mitandaoni zina sura za watoto, na hao watoto watakua.

Sentensi yenyewe

Sasa andika pengo. Linganisha:

"Hakuna utafiti uliofanyika kuhusu funza katika kijiji X."

"Dawa ya kuua funza mguuni imejaribiwa na inafanya kazi kwa muda mfupi, lakini makala tulizozipata zinasema machache kuhusu kinachompata mtoto akirudi kwenye sakafu ileile ya udongo. Wahudumu wa zahanati ya kijiji X wanahitaji kujua anaambukizwa tena baada ya muda gani ili wapange ziara za kurudia, na familia zinahitaji kujua kama matunzo ya sakafu wanayoyafanya sasa yana tofauti yoyote."

Ya pili ni ndefu na iache hivyo. Inataja kinachojulikana, pale kinapokatika, na watu wawili wanaosubiri. Imesema pia "makala tulizozipata", wala haikudai kusoma dunia nzima.

Siku ya kutetea, daftari la utafutaji liwe kiambatisho namba 1 na jedwali namba 2. Mjumbe wa jopo akiuliza una hakika gani kwamba hakuna aliyefanya, usianze kubishana. Mfungulie ukurasa, mwonyeshe tarehe, hifadhidata na maneno, kisha mwombe akutajie neno au mahali ambapo hukutafuta. Akilitaja, liandike mbele yake na ulitafute jioni hiyohiyo.